Mbio za Mama Mkwe

Ilyasi wangu,

Pole na kazi huko Mombasa. Hapa mtaani kwetu Rwezamenyo mvua haikatiki, na cherehani ya mama yako imepona. Daktari kasema mimba bado changa, ila nisiache mbio nilizozoea, mradi niende taratibu kiasi cha kuweza kuzungumza, na nikiona damu nisimame nimrudie. Nikamwambia Mama, nikijua atanifichia viatu. Badala yake akaweka mkasi chini, akasema:

“Kimbia, mwanangu. Mwaka wa tisini na nne, wakati wa mauaji, nilikimbia pekupeku hadi Burundi, Ilyasi tumboni. Wewe angalau hakuna anayekufukuza.”

Akainama, akanifungia kamba za viatu.

Haya hajawahi kuniambia. Ulikuwa unajua? Kumbe ndiyo maana hakuwahi kunitazama nikitoka kukimbia.

Mkeo,
Umutoni