Nape ya Neema na Mkono Wako wa Kushoto

Mama,

Harusi ya mdogo wangu Neema ni Jumamosi ijayo, na nape yake ya kufunika meza haijaisha. Tangu nitoke kazini nimekaa nayo mapajani, sindano ya kroshe mkononi, na sina wa kumuuliza. Majirani wanajua kufuma, sikatai, lakini hakuna anayefuma kama wewe. Ndiyo maana nakuandikia, ingawa najua huko uliko barua hazifiki.

Ulipokuja kukaa kwangu Gihosha, magoti yako yakiwa yamegoma kabisa, nilidhani utapumzika. Wapi! Wiki ya kwanza tu ukataka tupike sabuni ya mawese nyuma ya nyumba. "Kukaa bule inanigonjwesha," ulisema. Tulikoroga mpaka mikono ikafa ganzi, na sabuni ikakataa kuganda. Ukaitazama ile sufuria, ukacheka mpaka ukashika ukuta. "Mutoto wangu, tumepika buyi ya kuoshea sahani." Na kweli tulioshea sahani ule uji wetu mpaka ukaisha, na wewe ukawa unausifia kila mgeni akija. Sijawahi kucheka hivyo tena katika nyumba hii.

Kisha ukaniletea kroshe. Mimi, mtu mzima, mwenye mikono ya kubeba maboksi depo kule Zone Industrielle, nikaanza kujifunza kufuma maua ya uzi mweupe. Ndipo nilipogundua kwamba unafuma kwa kushoto. Miaka yote hiyo sikujua! Nilikuona ukila kwa kulia, ukiandika kwa kulia, ukitoa mkono wa kulia kwa kila mtu, kwa sababu mwalimu wako alikupiga fimbo za vidole mpaka mkono ule mwingine ukajificha. Mtu akibisha hodi, ulisukuma kazi chini ya mto wa kiti haraka haraka, kama mtu aliyekutwa anaiba sukari.

"Mukono ya kushoto ni ya mu nyumba," uliniambia. "Batu ba inje haibahusu."

Hukutaka nikae pembeni yako. "Kaa mbele yangu. Fanya sawa kioo." Basi kushoto kwako kukawa kulia kwangu, na kila ulipopitisha uzi nami nikapitisha, tukitazamana. Nilipokaza sana ulinipiga kofi dogo la goti. "Achilia, we. Hii uzi haikukosee kitu." Nilikupenda sana jioni zile, mama, na sikukwambia kwa sababu nilikuwa nahesabu vitanzi.

Nape uliianza mwenyewe siku ile wakwe wa Neema walipokuja kujitambulisha. Ulimwahidi Neema kwamba meza ya maharusi itafunikwa kwa mikono yako, si kwa kitambaa cha kukodi. Ukafuma ukiwa mzima, ukafuma ukiwa mgonjwa, ukafuma hata vidole vilipoanza kutetemeka. Ulipotuacha ilikuwa imebaki mizunguko ya pembeni tu. Neema alinikabidhi mimi. Nani mwingine ulikuwa umemfundisha?

Nikaanza vizuri kabisa, kwa mkono wangu wa kulia, na baada ya mzunguko mmoja nikaona balaa. Maua yako yanaelekea huku, yangu yanaelekea kule. Nikageuza kitambaa, yakaonyesha mgongo. Nikatafuta video kwenye simu, na wote wanaofundisha wanatumia kulia. Kumbe ulinifundisha kila kitu isipokuwa jinsi ya kuendeleza kazi yako. Wala hatukuliwaza hilo, wewe na mimi, kwa sababu tulikuwa tunatazamana.

Nikafumua. Uzi wa kroshe, unajua, ukivutwa haujui pa kusimama. Ulifumuka wangu, ukaendelea na wako, na nilipouzuia ulikuwa umeshaingia ndani ya kazi yako. Nikahamisha sindano mkono wa kushoto. Mkono huo ni mjinga, mama, unashika sindano kama unashika mwiko. Nilifuma, nikafumua, nikalia, nikafuma tena. Polepole ukaanza kuelewa. Juzi kuna maua mawili yalitoka mazuri kiasi kwamba nilinyanyuka peke yangu sebuleni na kupiga makofi.

Leo mchana Neema amekuja. Ameitandaza juu ya meza, ameona pembe zilizopinda, hakukasirika. Ningefurahi kama angekasirika.

"Yaya, umechoka," akasema, kama anavyoniita mimi mkubwa wake. "Acha hivi. Fumua tu yako, ubakishe ya mama. Hata ikiwa ndogo, tutaiweka chini ya keki. Mi nataka tu ya mama."

Nikasema sawa. Alipoondoka nikaketi karibu na dirisha nikatafuta mwanzo wa kazi yangu.

Siuoni. Kuna maua yaliyolegea, nikasema haya ni yangu, kisha nikakumbuka mikono yako ya mwisho ilivyokuwa ikitetemeka. Kuna yaliyonyooka, nikasema haya ni ya mama, kisha nikakumbuka yale mawili ya juzi. Nimepitisha kidole mzunguko mzima, nimegeuza juu chini, nimenusa hata. Uzi ni uleule, mkono ni uleule wa kushoto. Nikivuta, huenda nikafuta kitu cha mwisho ulichokifanya duniani. Nisipovuta, Neema ataolewa juu ya uongo wangu, akipapasa maua yangu na kukuita wewe.

Nimeshika ncha ya uzi na sijavuta. Mama, nifumue mpaka wapi?

Pumzika. Wewe angalau pumzika.

Ni mimi, kifungua mimba wako.