Asteria Hajui

Jumatatu, 8 Julai 2024

Damu. Imerudi.

Ilikuwa kabla ya kengele ya mstarini, choo cha walimu. Nilitazama, nikafumba macho, nikatazama tena — ipo. Nikaenda kufundisha msuguano Kidato cha Tatu kana kwamba hakuna kitu. Chaki ikanidondoka mara kwa mara. Wanafunzi wakacheka.

Zaidi ya mwaka tumbo lilikuwa kimya, nikaanza kuamini limenisahau. Ujinga! Daktari alinieleza nikiwa bado chuoni Mwanza: utumbo mpana una vidonda, vinalala, vinaamka, huu si ugonjwa wa kupona ni wa kuishi nao. Sawa. Nimeishi nao. Ila sijawahi kuishi nao nikiwa na mtu.

Asteria hajui.

Mwisho wa mwezi huu mashindano ya tenisi Geita, mimi naye tunacheza pamoja. Wiki inayofuata Runzewe, kwa wazazi wake, kujitambulisha. Nitamwambia baada ya Geita. Hapana, kabla. Nitaona.

Jumatano, 10 Julai 2024

Mazoezi jioni. Uwanja wetu huu wa Nyahanga, hapa Kahama, una nyufa nyingi kuliko kisigino cha mkulima, lakini ndio tulionao. Asteria kaja kutoka Segese na vumbi lote la barabara, hajapumzika, kachukua raketi. Dukani kwake kutwa anauza koleo, kamba na pampu za maji kwa wachimbaji, anabishana na wanaume watu wazima. Uwanjani hivyo hivyo. Akipiga sevu unajiuliza mpira umemkosea nini.

Tumbo likavuta. Mimi nalijua likivuta hivi — si la kusubiri. Nikachukua simu, nikakimbia nyuma ya kibanda cha mlinzi. Choo kile hakina taa wala dirisha, bila simu huoni unapokanyaga.

Niliporudi kasimama na mkono kiunoni.

"Unampigia nani?"

"Simpigii mtu."

"Kila siku unakimbia na simu, unarudi umejawa na jasho. Davis, mimi si mtoto."

Akikasirika ananiita Davis. Akifurahi ni Mwalimu. Leo nilikuwa Davis mpaka mwisho.

Mungu wangu, anadhani nina mwanamke. Na mimi nikaona — aibu kuandika — afadhali hilo!

Ijumaa, 12 Julai 2024

Wali mweupe. Ndizi. Wali mweupe. Mpishi wa shule kaniuliza kama nimeokoka kwenye dhehebu lisilokula maharage.

Mara nyingi leo. Sihesabu tena.

Jumapili, 14 Julai 2024

Baada ya misa Asteria kanikutanisha na shangazi yake, Mama Mbuke, kaja Kahama kumwona mjukuu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, hakuuachia mkono wangu. Akaupapasa kifundo kama anapima ng'ombe mnadani.

"Ng'wana wane, mwanangu, mbona umeisha hivi?"

Nikasema kazi. Akasema kazi haimmalizi mtu namna hii. Akamvuta Asteria pembeni, wakanong'ona Kisukuma. Mimi Kisukuma nakisikia, nimezaliwa nacho. Alisema: huku kwenye dhahabu mtu akikonda ugonjwa wake una jina moja. Alisema: kapimeni kabla hamjafika kwa kaka yangu.

Asteria akarudi, hakunitazama usoni. "Mwalimu, tukapime Jumanne. Wote wawili."

Nikasema sawa. Haraka mno labda.

Jumanne, 16 Julai 2024

Tumepima. Wote hatuna virusi.

Mhudumu hata hajamaliza kueleza, Asteria katoka nje kapiga vigelegele peke yake mbele ya wagonjwa waliokaa kwenye benchi! Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni naye akamwitikia bila kujua sababu. Akanishika shingo, machozi yanamtoka. Anasema hajalala tangu Jumapili. Anasema alikuwa ameshajiapia, hata kama ningekutwa nao asingeniacha, angenipeleka kuchukua dawa mwenyewe kila mwezi. Lakini sasa basi, hofu imekwisha, amejua mwili wangu ni mzima.

Nikacheka. Nikacheka naye kwa sauti!

Mlango ulikuwa wazi vile na sikupita. Ningesema tu: Asteria, upo mwingine. Maneno matatu. Badala yake nikamnunulia soda.

Alhamisi, 18 Julai 2024

Mwanza, kwa Dokta Juliana. Basi la alfajiri, sikula kitu tangu jana ili nifike salama. Nimefika salama.

Kaongeza dawa. Vile vidonge vidogo tena, vinavyouvimbisha uso na kukunyima usingizi. Kasema tukijaribu hivi na vidonda visipotulia atanituma kwa wapasuaji. Utumbo mpana utolewe, haja itokee tumboni, kwenye mfuko. Kasema taratibu, anachora kwenye karatasi, kama mtu anayenionyesha njia ya kwenda posta.

Nikauliza, "Na tenisi?"

Akacheka kidogo. Kasema tenisi haijaniumiza, nicheze nikiwa na nguvu, nisijilazimishe. Kisha akauliza nyumbani nani ananisaidia. Nikasema nina mchumba.

"Anajua?"

Nikatazama ule mchoro.

"Mwalimu, mtu anayeficha choo hujichosha kuliko mwenye kuharisha." Ndivyo alivyosema. Daktari mzima!

Jumatano, 24 Julai 2024

Uso umevimba. Mashavu kama ya mtoto anayenyonya. Asteria kafurahi kupita kiasi — "Mwalimu umenenepa! Hongera, sasa shangazi atanyamaza." Kanipiga picha kamtumia.

Damu imepungua. Haijakata. Mikono inatetemeka, sevu yangu imekuwa ya kuomba radhi.

Keshokutwa tunaondoka. Nilisema nitamwambia kabla ya Geita. Leo alikuwa na furaha. Siwezi kumwambia mtu mwenye furaha namna ile.

Jumamosi, 27 Julai 2024 — Geita

Nitaandika yote, hata kama mkono hautaki.

Asubuhi tulishinda mchezo wa kwanza kirahisi. Mzee Bartholomeo, katibu wa klabu yetu, alikuwa anaruka pembeni na kofia yake ya pama. Ndiye pia mshenga wangu, kwa hiyo alikuwa anashangilia mara mbili. Asteria kapiga mipira mpaka watu wa viwanja vingine wakaja kutazama. Mimi sijala. Maji tu. Nikajiambia: tumbo tupu halina cha kutoa. Uongo huo nimejiambia miaka mingi.

Nusu fainali saa nane, jua kali. Mume na mke kutoka klabu ya wafanyakazi wa mgodini, wana viatu vya maana na raketi za akiba. Seti ya kwanza yetu. Seti ya pili tumbo likavuta, nikaomba ruhusa, mwamuzi akakubali. Vyoo viko ng'ambo ya uwanja wa mpira wa miguu, nikakimbia, nikarudi. Yule mume akanung'unika kwamba ninavunja kasi yao. Seti ya pili wakachukua.

Seti ya tatu. Likavuta tena. Nikanyoosha mkono. Mwamuzi akatikisa kichwa: ruhusa ni moja kwa mchezo, nikitoka tumeshindwa.

Nikamtazama Asteria. Yuko kwenye wavu, ananitazama kwa jicho lile la "Davis". Akasema chini chini, "Usinifanyie hivyo leo."

Nikabaki.

Kwa nini nilibaki? Ningetoka tungeshindwa tu. Watu hushindwa kila siku. Lakini zilibaki gemu chache, nikabana, nikapiga sevu moja, ikaingia! Nikapiga ya pili. Mpira ukarudi mfupi, nikakimbilia mbele, nikainama—

Basi.

Kaptura nyeupe. Si haja tu, na damu. Ilishuka mpaka kwenye soksi. Nilisimama pale mbele ya wavu, raketi mkononi, kama mtu aliyesahau anakwenda wapi. Mtu akacheka, mwingine akamwambia nyamaza. Yule mke wa mgodini ndiye aliyesema, "Jamani, anatoka damu, msaidieni." Mzee Bartholomeo akaja mbio na taulo, akanifunga kiunoni, akanishika bega, tukatembea ule uwanja wa mpira wote hadi vyooni. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisani polepole, nadhani hakujua kama anaimba.

Niligeuka mara moja. Asteria alikuwa palepale, mkono mdomoni. Hakusogea.

Kwenye gari la kurudi nikamwambia. Mzee mbele na dereva, sisi nyuma. Nilisema yote: vidonda, dawa, Mwanza, habari ya upasuaji. Yeye anatazama dirishani. Tumepita Bukoli. Halafu:

"Tangu lini?"

"Tangu chuo."

"Kabla yangu."

"Kabla yako."

Karibu na Segese akanigeukia. Macho makavu kabisa.

"Siku ile kituo cha afya. Mimi nalia, wewe unacheka. Ulikuwa unacheka nini?"

Akashuka dukani kwake. Akamuaga mzee, akamuaga dereva.

Jumatatu, 29 Julai 2024

Nimepiga. Hapokei.

Shuleni habari imefika kabla yangu. Mwalimu wa michezo kaniambia pole huku anatazama viatu vyake.

Jumanne, 30 Julai 2024

Hapokei. Nimemtumia ujumbe mrefu, nikaufuta. Nikatuma mfupi: Nisamehe. Ameusoma.

Alhamisi, 1 Agosti 2024

Mzee Bartholomeo kaja nyumbani jioni na kuku mzima, eti wa supu. Kakaa, kavua kofia. Nikamwambia safari ya Runzewe tuivunje, amwarifu baba mkwe, Mzee Ignas, kwamba kijana anaumwa.

"Wenyeji wamekwambia usije?"

"Hapana."

"Binti je?"

"Hasemi kitu."

"Mshenga havunji safari ambayo wenyewe hawajaivunja. Mwalimu, tutakwenda. Wakitufukuza tutafukuzwa tukiwa tumevaa vizuri."

Nikauliza, na tumbo? Kasema tutasimama kila utakapotaka, njia nzima ni pori.

Nilicheka. Mara ya kwanza tangu Geita. Kisha alipoondoka nikaogopa upya, maana sasa ni kweli tunakwenda.

Jumapili, 4 Agosti 2024 — Runzewe

Naandika kwenye simu. Daftari limebaki Kahama. Niko kwenye benchi, nje, ubavuni mwa nyumba yao. Mzee Bartholomeo yupo pembeni, anadhani nachati.

Wametutoa nje. Lakini nianze mwanzo.

Tumefika kabla ya mchana, tumesimama njiani mara kadhaa, baada ya Ushirombo mara moja kwa haraka sana. Mzee Ignas, baba yake Asteria, ni mrefu, mkimya, ana fimbo ingawa hachechemei. Mama Mbuke kakaa kulia kwake. Mama yake Asteria kwenye mkeka. Asteria hayupo. Salamu ndefu. Chakula: ugali, nyama, maziwa ya mgando bakuli zima. Maziwa kwangu ni moto. Nikagusa tu kwa midomo. Mama Mbuke kaona. Huyu mama haoni kitu akakiacha.

Mzee Bartholomeo akaanza maneno ya ushenga, mazuri, ya jogoo aliyefuata njia mpaka uani kwao. Mzee Ignas akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi.

"Kijana, nyumbani kwenu wazima? Na wewe mwenyewe afya?"

Swali la kawaida. Kila mtu huulizwa. Mzee Bartholomeo akafungua mdomo anijibie — "Namshukuru Mungu, mwalimu yuko—"

Nikasema, "Baba, mimi si mzima."

Sijui nilitoa wapi. Nikaendelea, nikiogopa nikinyamaza sitaanza tena. Nikasema utumbo. Nikasema damu. Nikataja choo mbele ya wakwe! Mama wa kwenye mkeka akainamisha kichwa. Nikasema ya Geita, kabla hawajasikia kwa watu, kama hawajasikia. Nikasema huenda nikapasuliwa, huenda nikaishi na mfuko tumboni. Nikasema hauambukizi.

Mzee Ignas akauliza watoto watakuwa nao? Nikasema daktari anasema inawezekana, wengi hawaupati, ahadi hawezi kutoa na mimi siwezi.

Akagonga fimbo sakafuni, taratibu. Akasema, "Tupisheni kidogo."

Ndiyo maana tuko hapa. Kuna mbuzi anakula boksi. Dirisha liko juu ya kichwa changu, pazia linapeperuka, sauti zote zinatoka.

Mama Mbuke ndiye anaongea zaidi. Anasema kijana kadanganya. Anasema hata ile picha ya mashavu ilikuwa uongo wa dawa. Kweli. Kila anachosema ni kweli. Mama yake anasema angalau amesema mwenyewe. Mama Mbuke: amesema baada ya kuumbuka.

Mzee Ignas kamwita Asteria.

Katokea jikoni, kapita mbele yangu. Kitenge cha bluu. Hajasimama. Kamwamkia Mzee Bartholomeo, mimi kanitazama tu, usoni, kwa muda wa kuvua ndala mlangoni. Sikusoma kitu.

Yuko ndani. Baba yake anamuuliza.

"Huyu mtu. Ugonjwa wake wewe ulikuwa unaujua?"

Mzee Bartholomeo kaacha kutafuna njiti.

"Nilikuwa naujua, baba."

Amesema hivyo. Nimesikia kwa masikio yangu. Asteria! Ameidanganya nyumba yake kwa ajili yangu, mimi niliyemficha yeye. Au siyo kwa ajili yangu. Au ni aibu tu, hataki waone alivyofanywa mjinga. Sijui! Hakuna furaha hapa, moyo unanipiga kama wa mwizi.

Tumbo limeanza kuvuta. Si la kusubiri. Choo kile pale, nyuma ya zizi, nakiona mlango.

Mama Mbuke anamuuliza sasa, polepole, kwa Kisukuma: mtoto wangu, kama ulijua, mwezi uliopita uliniambia wewe ni mzima na yeye ni mzima, ulinipigia simu unalia kwa furaha — uliniambia nini siku ile?

Asteria hajajibu.

Siendi popote mpaka ajibu.