Mahindi Yako Ndani

Jumanne, jioni

Giza bado halijaingia.

Mimi ndiye niliyewaambia. Mwezi uliopita, na sare yangu mpya ya afisa wanyamapori, niliwaambia wanakijiji wavune mapema na mahindi wayaweke ndani, tembo wakitoka hifadhini wakute shamba tupu. Wakanitii. Jana tembo walikuta shamba tupu kweli, wakafuata harufu mpaka kwa Mama Mbonea, wakaangusha ukuta wa chumba anacholala na wajukuu. Bahati yeye na wajukuu walikuwa wamepanda mlimani, kijiji cha Mhezi, msibani.

Asubuhi nilimpa shikamoo. "Marahaba, mwanangu," akaitikia, huku akiokota punje kwenye matofali. Hakunigombeza. Heri angenitukana.

"Leo tulale wapi?" akauliza tu.

Nina bunduki moja na fataki nne za kuwatishia tembo. Nikamwambia mahindi yake yaletwe kwangu. Kufika saa kumi, kijiji kizima kilikuwa kimeleta ya kwao.

Magunia yamepangwa hadi dirishani, na chumba ninacho hiki kimoja. Mbwa wameanza kubweka upande wa hifadhi.