Wamelisafisha Tangi Lako

Mama Naomi,

Ningeanza kwa kukuuliza hali, lakini hali yako naijua, udongo niliutia kwa koleo mwenyewe. Basi naanza na habari mbaya. Tangi lako linavuja, na sijui nimwambie nani mwingine. Fundi ni wewe, na wewe ndiye umeondoka.

Msiba wako ulijaa watu. Walitoka Kinampanda, walitoka Kiomboi, na dada yako Salome alikuja kutoka Itigi na wenzake juu ya lori la magunia. Wote walikula, wote walinawa, na maji yote yalitoka kwenye tangi. Hakuna aliyechota kwa ubaya. Walichota mpaka ndoo ikawa inagonga sakafu.

Siku ya kuanua matanga niliwasindikiza kaka zako mpaka barabarani. Kurudi, nikamkuta Salome anatoka ndani ya tangi, kanga kaifunga kiunoni, kisu mkononi, uso umejaa vumbi jeupe. Akaniambia, "Shemeji, tumemsafishia. Lilikuwa na ukoga mweupe kila mahali, hata aibu." Walikuwa wamekwangua ukuta wote, wakausugua, wakaacha mfuniko wazi ili jua liingie likauke vizuri. Alikuwa analia huku anatabasamu. Nikasema asanteni.

Ule mweupe, mke wangu! Ule mweupe ndio uliokuwa umelishikilia tangi.

Unakumbuka tulivyolijenga? Ni ule mwaka saruji ilipoanza kuuzwa madukani bila kibali, na wewe, binti wa fundi, ukasema sasa hakuna wa kunizuia. Lakini hukuiamini peke yake. Uliongeza chokaa, ukaokota matofali ya kuchoma yaliyovunjika, ukayatwanga kwenye kinu cha nyumbani mpaka yakawa unga, na mama yangu akagoma kula ugali wa humu ndani wiki nzima. Nikakutania kwamba unapika zege. Ukanijibu, "Nauwekea ukuta akiba." Ukanieleza kwamba sehemu ya chokaa haimalizi kazi siku ya kujenga, inabaki ndani imelala. Ufa ukitokea, maji yakipita, yanaiyeyusha na kuibeba mpaka pale penye ufa, na pale inaganda inakuwa jiwe jeupe. Nilikucheka sana. Kisha ufa wa kwanza ukatokea, mwembamba kama unywele, nikakimbia kukuita, na wewe hata mwiko wa ugali hukuuweka chini. "Liache lilie. Litanyamaza lenyewe." Kweli likanyamaza. Ulichotuomba ni kwamba lisiachwe likauke, na ule mweupe mtu asiuguse.

Sasa limekauka na limekwanguliwa. Mvua ya mwisho ililijaza nusu, na asubuhi nje kulikuwa na tope tupu. Nyufa zote nyembamba zimefunguka upya. Mbili zimepanuka hata ukucha wangu unaingia, na hizo ulishasema hazijiponyi mpaka zisaidiwe.

Nilikwenda Kiomboi. Siku hizi madukani kila kitu kipo, hata dawa ya zege ya kwenye makopo, ya kuzuia maji. Mwenye duka hakunidanganya. Alisema dawa ile inachanganywa kwenye zege bichi, haiwezi kufufua ukuta wa zamani, na kama ni yeye angevunja ajenge upya. Nivunje! Nilitoka nikakaa kwenye ngazi ya duka lake nikalia mchana kweupe. Watoto wa shule wakapita, "Shikamoo mzee," nami naitikia marahaba huku kamasi zinanitoka.

Ningeweza kuvumilia yote kama si Naomi. Uliapa kwamba mwanao hatabeba ndoo ulizobeba wewe. Tangu tangi likauke anakwenda kisimani kabla ya shule, anafika kengele imeshalia, na mwalimu wake ameniita kuniambia mtoto anasinzia darasani. Juzi nilimwona anajishika shingo vile vile ulivyokuwa unajishika wewe. Kiangazi ndicho kwanza kinaanza. Nilitamani ardhi inimeze, Mama Naomi, nilitamani nije huko huko uliko, uniambie la kufanya.

Basi nikatwanga matofali. Kinu ni kile kile, na safari hii mama hakugomea ugali. Nikachanganya na chokaa, nikazijaza zile nyufa mbili pana. Nyembamba sikuzigusa. Sasa namwagia tangi maji ninayoyabeba kwa baiskeli, kabla na baada ya shamba, na ukuta kwa ndani nimeufunika magunia mabichi. Majirani wananiona nateka maji kisimani nikayatie kwenye tangi linalovuja, wanasema msiba umenipanda kichwani. Labda ni kweli. Kuna jioni nasimama pale nakugombeza kwa sauti, kwa nini hukuniambia vipimo, chokaa kiasi gani, unga kiasi gani. Nimechoka, mke wangu. Nimechoka sana.

Jana nilisikia Naomi anasema, "Baba, njoo, tangi limeota ukoga." Nilitoka mbio, nikamkuta ameshika kitambaa, amekwisha kuinua mkono afute. Nilipiga kelele ambayo sijawahi kumpigia mtoto huyu, kitambaa kikamdondoka, akaanza kulia. Nikapiga magoti. Kwenye ufa mmoja, ule wa upande wa jikoni, palikuwa na uzi mweupe, mfupi kuliko kidole changu, na chini yake ukuta ulikuwa mkavu.

Nyufa nyingine zote bado zinatoa maji, na zile mbili pana sina uhakika nazo hata kidogo. Naomi leo ameamka kwenda kisimani kama kawaida. Sikuandikii kwamba limepona.

Lakini aliniuliza ule mweupe ni nini, nami nikamwambia ni mama yako, hajamaliza kazi.

Lala, Mama Naomi. Maji nitabeba mimi, lisikauke tena. Na ule uzi, hata Salome akirudi na kisu chake, sitamruhusu mtu auguse.

Mumeo,
Baba Naomi
Ulemo