Choo Asichoingia Mama

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Nansio hatujambo, babu yako mguu umepoa. Unauliza uanzie wapi kukagua afya ya mtaa wenu hapo Igogo. Swali lako limeninyima raha, maana nasikia kipindupindu kimefika huko.

Nilipokuwa msichana, bwana afya alikagua choo chetu akacheka, "Safi! Humu hata mgeni angelala." Mimi nilijua mama hakiingii, kwani kwetu mke hachangii choo na baba mkwe. Alikwenda kwenye matete, palepale tulipochota maji. Niliona haya, nikanyamaza. Kabla ya mavuno tulimzika mdogo wangu, kwa kuhara.

Usihesabu vyoo tu, mama. Dada yako anaishi na wakwe. Muulize leo, mkiwa wawili, yeye huenda wapi.

Bibi yako