Mpini Uliofuata Mkono Wako

Baba, shikamoo. Nimeitamka kwa sauti hapa kibandani, nikangoja uitikie. Mazoea tu.

Kazi haijafa. Tangu viwanda vya minofu vifunguliwe, Pasiansi nzima inanuka sangara, na visu vya kutoka nje vimejaa mpaka kwenye meza za mitumba. Lakini Mama Sofia, yule mkata minofu ambaye vidole vyake viwili havikunjiki tangu ajikate, hakuvitaka. Alikuja kwako ukiwa umeshaanza kuumwa, akafinya donge la udongo wa kichuguu ili mpini ufuate mkono wake. Ukafa hata moto hujawasha.

Kisu nikakifua mimi, kwa kipande cha mwisho cha springi ya lori. Nikachukua donge rafuni, nikachonga mpini wa mkwaju kwa kulifuata, nikapigilia misumari. Kisha nikafanya ulivyonifundisha: nikaliponda donge, nikalirudisha kwenye ndoo ya maji limsubiri mteja mwingine.

Juzi asubuhi Mama Sofia akaja, gambuti miguuni, tayari kwa zamu ya mchana. Msimamizi wake alishamwambia aje na kisu anachokimudu, la sivyo asije tena. Akakishika. Kikamcheza mkononi. Akakishika tena, uso ukambadilika.

Baba mdogo, tunayefua naye sasa, akakipokea, akakigeuzageuza, halafu akasema polepole, "Kabula, huu si mkono wa kaka?"

Mpini ulikuwa na alama ya kidole chako kifupi cha shahada, kile kilichopondwa na nyundo. Mimi nilidhani mama wa watu alifinya kwa woga kwa sababu ya maumivu. Kumbe nilichukua donge ulilofinya wewe, ukimwonyesha namna! La kwake lilikuwa nyuma rafuni, limefunikwa na vumbi la mkaa. Na lako lilishakuwa tope.

Basi ule mpini ndio alama pekee ya mkono wako iliyobaki duniani, na kisu hakitoki bila kuupasua. Baba mdogo alinisihi nimwambie arudi kesho, tutafute chuma kingine. Kesho ipi, na zamu ni leo? Mama Sofia alitazama gambuti zake tu. Nilikuchukia kidogo, Baba, kwa kufa. Nikaishika patasi, ikateleza.

Nikapasua.

Nikachonga upya mbio mbio, jasho likiniingia machoni, safari hii kwa donge lake. Alipoukamata, vile vidole viwili vikapata pa kulala. Akaondoka anakimbia, hata kuaga hakuaga. Nami nikakaa chini nikalia, Baba mdogo akafunga mlango wateja wasinione.

Kwaheri, Baba yangu. Nakuahidi, kila donge sasa nitalitia alama ya mwenyewe, na sitamtuma mtu kazini na mkono usio wake. Mpini wako ulipasuka vipande viwili. Cha vidole amechukua Baba mdogo. Cha kiganja ninacho mimi.