Mama Hajaamka Vizuri

Jumapili, Kilwa Masoko. Mawingu tangu asubuhi, mvua hainyeshi wala haiondoki. Nimefunga dirisha la upande wa barabara ili wanaokuja kutoa pole wadhani sipo.

Niandike tu, maana kuongea nimeshindwa.

Mama yangu alifariki Jumatatu alfajiri huko Milola, akazikwa siku hiyo hiyo alasiri. Mimi, binti yake wa pekee, siku hiyo nilikuwa naongoza kikao. Kikao kizuri sana. Tulimaliza kabla ya muda.

Nieleze kwanza mimi ni bosi wa namna gani. Nina watu kumi na wanne chini yangu, na tangu nirudi kutoka semina ya uongozi Dodoma sina mchezo na muda. Nilibandika ukutani karatasi yenye vyumba vinne: jambo muhimu la haraka, jambo muhimu lisilo la haraka, na kadhalika. Kabla ya kikao simu zote zinaingia kwenye kikapu, yangu ikiwa ya kwanza. Salamu ndefu nilizipiga marufuku. Huku kwetu mtu akija kukuambia paa linavuja ataanza na umeamkaje, watoto je, majirani je, na chai itapoa hajalifikia paa. Mimi nilikuwa namkata: "Hoja yako?" Wazee waliokuja ofisini walibaki midomo wazi. Nilijisikia raha, nisiseme uongo.

Mwezi uliopita Rehema wa masjala aliniomba ruhusa aende kwenye arobaini ya shangazi yake. Nikamwambia shangazi si mzazi, kanuni haimtaji. Alikwenda kulia chooni, nilimsikia. Nikaendelea na kazi.

Sasa hiyo Jumatatu asubuhi, kikao kimeshapamba moto, naibu wangu Saidi alitoka nje kidogo, akarudi na kuja kuniinamia. Mdogo wangu Athumani alikuwa amepiga simu ya mapokezi baada ya kuona yangu haipokelewi. Saidi akasema, "Nyumbani wamepiga. Mama hajaamka vizuri. Wanaomba ufike."

Mtoto yeyote wa Lindi anayajua maneno hayo. Kwetu msiba haumwagwi juu ya mtu aliye mbali na ndugu zake, tena mbele za watu. Unaambiwa mgonjwa kazidiwa, unapandishwa gari, unaambiwa la kweli ukishafika kwenye mikono ya kukushika. Mwenyewe niliwahi kumdanganya hivyo hivyo binamu yangu alipofiwa na mumewe. Nilimsindikiza njia nzima namsimulia bei ya ufuta.

Lakini Jumatatu sikusikia msiba. Nilisikia hoja.

Nikauliza, "Amelazwa?" Saidi akasema hapana, yupo nyumbani. Nikaitazama ile karatasi ukutani. Hajalazwa, basi si la haraka. Presha ya mama naijua, ni ya miaka. Nikamwambia nitakwenda Ijumaa nikishamalizana na wageni wa wizarani, na kwa sasa amtumie Athumani hela ya dawa, nitamrudishia. Akaitikia, akaenda kutuma. Angefanya nini?

Baada ya kitambo akarudi tena. Gari liko nje, dereva yuko tayari, nenda tu bosi, hapa nitashika mimi. Alisimama mikono nyuma, jasho linamtoka. Nikamjibu kwa sauti ya kusikika na wote kwamba gari la ofisi si teksi ya kwenda kusalimia wazazi, na mtu asiyejua kupanga vipaumbele atakufa akiwa naibu.

Wote pale mezani walikuwa wameshaelewa.

Waliniangalia nikibadilisha slaidi, nikiwatania kuhusu takwimu zao, nikila sambusa za mapumziko. Hakuna aliyegusa yake. Nilidhani hawana njaa. Rehema alinikazia macho muda wote, na mpaka leo najiuliza kama alikuwa ananihurumia au roho yake ilikuwa inatulia.

Wiki nzima nimetafuta wa kumlaumu. Nilianza na Saidi: kwa nini asinivute nje akaniambia? Lakini mtu niliyemdhalilisha mbele ya wenzake, nilitaka anisogelee mara ya tatu kwa miguu ipi? Nikamhamia Athumani, naye nikamwacha. Nimebaki na mimi, na mimi sijihurumii.

Jioni ya Jumatatu hiyo nikampigia Athumani kumuuliza kama dawa zimepatikana. Akasema, "Dada, tumeshazika."

Nikamuuliza, "Mmemzika nani?"

Walikuwa wameningoja. Adhuhuri ikapita, shehe akaombwa avute subira, wakasogeza mpaka alasiri, na kusogeza zaidi ikashindikana. Kila nilipokwenda Milola mama alikuwa akiishika mikono yangu na kuipapasa. Mikono hii laini ya ofisi ndiyo itakayoniosha, anasema, msije mkanipa mtu mwingine. Wamempa mtu mwingine. Aliyemwosha ni Bi Somoe, mke mwenzake, ambaye kwa miaka walikuwa hawaombani hata chumvi. Maiti haulizwi sanda, wala hachagui mwoshaji.

Nilifika Jumanne mchana, vumbi limeniganda usoni, nikaingia uani nalia kwa sauti, niko tayari kujitupa mkekani. Wanawake wamejaa chini, bega kwa bega. Hakuna aliyeinuka kunipokea. Nikasema shikamoo mama mdogo. Bi Somoe akaitikia marahaba, akanitazama kuanzia viatu kwenda juu, kisha akawageukia wasichana waliokuwa mlangoni.

"Mleteeni mgeni kiti."

Kwetu wafiwa hukaa chini. Kiti ni cha mpita njia aliyeingia kutoa pole, atakaa kidogo kisha aende zake.

Wakaleta cha plastiki, cheupe. Nilitafuta kwa macho upenyo kwenye mkeka, nao wakazidi kubanana. Nikakaa. Nilikaa juu ya kiti hicho mpaka hitma ya siku ya tatu, na kila aliyeingia aliwapa pole kwanza waliokuwa chini, mmoja mmoja. Mama mmoja aliyetoka upande wa Rutamba, hanijui simjui, alipomaliza mkeka mzima akaja kwangu. Akaniuliza kwa upole marehemu nilimjuaje.

Bi Somoe aligeuka asikie nitasema nini.

Nikamjibu kwamba tulikuwa tunafahamiana.